Mke Mwenzangu Juu ya Punda

Farasi sijawahi kumwona kwa macho yangu. Nimemwona kwenye simu ya mjomba, ambayo kioo chake kimepasuka, kwa hiyo farasi wote ninaowajua wana ufa kuanzia sikioni hadi tumboni. Lakini likizo ile ya Pasaka niliwaangalia mpaka bando la mjomba likakata roho, kwa sababu nilitaka kujua kitu kimoja tu: mtu akaeje juu ya mnyama asianguke, hasa kama mtu huyo ni bibi yangu na nyonga yake ya kulia haitaki utani.

Bibi ni mama wa mama yangu. Wazazi wangu wanakaa kijiji hichohicho, ila mbele kidogo, pale njia inapoanza kuteremkia bondeni, na baba ana kiduka hapo kando ya njia. Mimi nilipelekwa kwa bibi nimchotee maji na, kama mama anavyosema, nimchoshe. Bibi alihamia huku zamani kutoka upande wa Shinyanga akifuata malisho. Dada yake mkubwa akamfuata, akajenga ng'ambo ya bonde. Kila Pasaka huyo dada ndiye aliyekuwa akija kwetu. Mwaka huu hakuja. Alipiga simu, akasema macho yamefunga kabisa, hata mchana hauoni.

"Mwambieni mdogo wangu aje nimshike uso," alisema, "kabla sijausahau."

Bibi hakulia. Aliniambia nikate simu, ingawa ilishakatika yenyewe, kisha akautazama mguu wake kama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni.

Bodaboda ilimwangusha mwaka jana akienda hospitali Biharamulo mjini, na tangu siku hiyo akiona pikipiki anaipisha kwa mbali kama anavyompisha nyoka. Hata angekubali, masika bodaboda haivuki lile daraja la magogo la bondeni. Abiria anashushwa, avuke na kupanda mlima kwa miguu yake, na miguu ndiyo hiyo. Mjomba akashauri tungoje kiangazi. Bibi akamuuliza kama kiangazi kimemwahidi chochote dada yake. Mjomba akakumbuka ana ng'ombe wa kuangalia.

"Si tuna punda," nikasema. Nilikuwa natania. Mimi hutania hata kwenye mtihani wa hesabu, muulizeni mwalimu.

Bibi akanigeukia. "Jifunze wewe kwanza," akasema. "Usipokufa, na mimi nitapanda."

Punda wetu anajua kubeba madumu ya maji, basi. Tandiko hana. Nilimfunga gunia lililojazwa majani makavu mgongoni na kamba ya kichwani, nikaanza na mtindo wa wale wa kwenye simu wanaovaa kofia ngumu, wanaokaa wamenyooka kama wamemeza mpini wa jembe. Nilinyooka kweli. Punda akaenda vizuri mpaka akaona maganda ya viazi, akasimama ghafla, na mimi nikaendelea na safari peke yangu. Nikahamia kwa wale wa kofia pana, ambao kamba wanashika kwa mkono mmoja na mwili wanauachia ulegee. Nililegea hadi nikalala chini. Kuna na wale wa mashindano wanaochuchumaa hewani, matako hayagusi kitu. Huo sitauzungumzia.

Bibi alikuwa barazani anachambua maharage. "Mke mwenzangu," akaniita, "kuanguka umeiva. Sasa jifunze na kukaa."

Ananiita hivyo kwa sababu kwetu bibi na mjukuu ni watani, na yeye anashikilia kwamba marehemu babu alituoa wote wawili, mimi kwa bahati mbaya.

Mwishowe nikajaribu kukaa upande, miguu yote kushoto, kama akina mama wanavyokaa nyuma ya baiskeli. Hapo bibi akaweka ungo chini. Ndivyo mwanamke anavyokaa, akasema. Tukamsogeza punda kwenye kichuguu cha nyuma ya zizi, bibi akapanda kichuguu kidogokidogo, akajiweka mgongoni mwa punda kama anakaa kanisani. Uwanjani alipendeza. Nilimwambia anafanana na malkia, akasema malkia hana nyonga kama hii. Lakini tulipofika kwenye mteremko wa kwenda kisimani, akaanza kuteleza. Nilimdaka kwa kifua, tukakaa wote matopeni. Alicheka sana. Halafu akashika nyonga na akaacha kucheka, na sikuwa na utani wowote wa kuweka pale.

Kesho yake nikadhani safari imekufa. Badala yake akaniuliza wale wavulana wanaochota maji kisimani wanakaaje juu ya punda wao. Nikamwonyesha: nyuma kabisa, karibu na mkia, mguu huku na mguu huku, magoti yamebana. Ajabu, sikuanguka. Nikateremka, nikapanda, punda akala, mimi nikabaki juu.

"Ndivyo tulivyokuwa tunaenda mashineni kusaga, nikiwa kama wewe," bibi akasema.

"Bibi, ulikuwa unajua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unanifurahisha."

Basi mtindo ukapatikana, na hapohapo ndipo shida ikaanza, kwa sababu njia ya kwenda ng'ambo ni moja tu, inapita mbele ya kiduka cha baba. Na baba ni mkwe wake. Kwa mila yetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe hukwepana kwa heshima. Wengine siku hizi wanasalimiana, hata simu wanapigiana. Bibi hapana. Tangu baba amuoe mama, bibi hajawahi kumtazama usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Akiwa na neno, analituma kwa mama, au kwangu, hata kama baba yuko nyuma ya ukuta anasikia kila kitu. Sasa apite mbele ya huyohuyo akiwa amepanua miguu juu ya punda?

Nilimwambia avae traksuti yangu ya shule chini ya kitenge. Akaijaribu, ikamkaa, jina la shule likashuka pajani kama amejiunga kidato cha pili. Nikamwambia sasa hakuna kitakachoonekana.

"Heshima si nguo, mke mwenzangu," akajibu taratibu, bado anavuta mpira wa kiunoni. "Na nikishuka pale dukani, nitapandia kichuguu gani?"

Ni kweli. Kupanda kulikuwa kazi ya nusu asubuhi. Akishuka pale, safari imeisha pale.

Siku ya pili yake nilimpeleka punda bondeni peke yangu, kumpima. Darajani akagoma. Aliona maji kati ya magogo, akapanda miguu yake ardhini kama nguzo za umeme. Nilimsifu, nikamtukana, nikamwimbia. Hakuna.

Nikapanda juu hadi dukani kwa baba kuomba kamba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kamba ya nini. Bibi alinikataza kusema. Lakini mimi mdomo wangu una mlango wa kutokea tu. Nikamwambia yote, punda, dada mtu, macho, magogo, hata traksuti. Nilitegemea acheke. Alikuwa anakunja kamba, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mnaenda lini?"

"Jumamosi asubuhi, bibi akikubali. Hajakubali."

"Haya," akasema, akanipa kamba. Baba ni mtu wa maneno machache. Sijui mimi nilitoka wapi.

Jumamosi bibi alipanda kichuguu bila kuniambia kama amekubali. Alijikaza, mguu huku, mguu huku, kitenge kikiwa kimefunika hadi kwenye kifundo. Nikashika kamba, tukaenda. Kadiri duka lilivyokaribia ndivyo alivyozidi kujikunyata, hadi nikadhani anataka kuingia ndani ya gunia. "Rudi," akaninong'oneza. "Turudi, mwanangu." Alipoacha kuniita mke mwenza nikajua haigizi.

Duka lilikuwa limefungwa. Jumamosi, siku ambayo hata mwenye homa hufungua. Na shambani, upande wa pili wa njia, baba alikuwa anapalilia mihogo, ametupa mgongo. Mihogo yenyewe mama aliipalilia juzi, hapakuwa na jani la kung'oa. Alikuwa anakwangua udongo mtupu, shati lake la bluu limelowa kama ana kazi kweli. Hakugeuka. Kwato zilisikika, mimi nilikohoa, na hakugeuka.

Punda akapita polepole. Bibi alikuwa ameinamisha uso. Tulipokuwa sambamba na ule mgongo, akanyoosha shingo, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Punda, wasalimie wenye hapa. Waambie tumeamka salama."

Jembe likasimama.

"Muhogo," baba akauambia mti uliokuwa mbele yake, "waitikie wapitao. Waambie washike kulia darajani, kushoto gogo limeoza."

"Punda, waambie wabarikiwe."

Muhogo haukujibu. Jembe likaanza tena. Mimi nilikuwa na utani karibu saba mdomoni, nikaumeza wote, na bado unaniuma tumboni.

Bondeni, upande wa kulia wa daraja, magogo hayakuonekana. Mianya yote ilikuwa imezibwa kwa nyasi, juu yake udongo uliotandazwa na kushindiliwa, ungali mbichi. Punda alinusa, akakanyaga, akapita kama yuko uani kwetu. Bibi aliutazama ule udongo hadi tulipouacha nyuma. Kisha alimpapasa punda shingoni, ambaye kwa kweli hakuwa na sifa yoyote katika jambo lile.

Dada yake alikuwa amekaa mlangoni, amesikia kwato. Tulimshusha bibi kwa msaada wa wajukuu wa pale, akakaa chini mbele yake, na ile mikono ya dada yake ikaanza: paji la uso, macho, mashavu, kovu la zamani lililoko kidevuni. Ilikaa sana kwenye mashavu kwa sababu yalikuwa yamelowa. Kisha ikashuka mabegani, magotini, ikasimama.

"Mdogo wangu, umevaa suruali?"

"Ya shule."

Yule bibi alicheka hadi akashikwa kifua. Alipotulia akauliza, sasa kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua njia zote za upande ule: "Na mkwe je? Si umepita kwake?"

"Hakuwepo," bibi akasema. "Duka limefungwa."

Akanitazama. Nikaenda kumpa punda maji.