Maneno ya Kuzima Injini

Bishara Dubow huandika maelekezo ya mashine. Kampuni moja ya pampu mjini Garissa ilimwajiri alipomaliza shule, akaanza kwa kupiga chapa barua. Siku hizi kila injini inayopelekwa visimani huondoka na karatasi ya maneno yake, ya kubandikwa kwenye mlango wa kibanda cha pampu, kwa Kisomali na Kiswahili. Ni mama wa makamo, mpole, na hupenda kuandika kwa adabu.

Katika ukame huu, kisima kimoja kaskazini mwa Dadaab kilikuwa na injini mbili. Ya kwanza iliungua. Mkubwa wa Bishara kazini, Daud, akampa gari aende kuona sababu kabla ile ya pili haijaifuata, maana ngamia wanaonyweshwa pale hawana maji mengine ambayo wangeyafikia wakiwa hai.

Alifika jua likiwa utosini. Foleni ya ngamia ilifika vichakani. Karatasi yake ilikuwa mlangoni, safi kabisa: "Ni vyema injini ipumzishwe inapopata joto." Kando yake, mshale wa kipimo cha joto ulikuwa umekaribia alama nyekundu.

"Nuh, mbona huzimi?" alimwuliza mwendesha pampu.

"Karatasi yako inasema ni vyema, abaayo," akajibu, akimwita dada kwa Kisomali. "Hata kunywa maziwa asubuhi ni vyema."

Bishara alibandua karatasi, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: ZIMA INJINI MSHALE UKIKARIBIA NYEKUNDU. Akaibandika tena. Nuh akanyoosha mkono kwenye swichi. Mzee Keinan, ambaye ngamia wake ndio kwanza walikuwa wameinamia birika, akapiga mlango kwa fimbo.

"Nani amekuamuru?"

"Karatasi, adeer," Nuh akajibu kwa heshima, kama mtu anavyomwita ami yake.

"Karatasi ina ngamia? Zima basi. Zima, watu waulize ni mwana wa nani aliyenyima ngamia maji. Watakutungia shairi lifike Mandera kabla yako!"

Wafugaji wakacheka. Nuh akarudisha mkono.

Hapo Bishara akaelewa jinsi injini ya kwanza ilivyokufa. Maneno ya upole yalimwachia Nuh uamuzi. Maneno ya amri yalimwachia lawama. Vyovyote vile, mtu mmoja alibaki peke yake mbele ya foleni ile. Harufu ya mafuta ya moto ikaanza kutoka.

"Adeer Keinan," akapaza sauti, "hii zamu ya kunywesha aliipanga nani?"

"Sisi. Tulikaa."

"Na anayeiruka?"

"Analipa. Ni heer yetu." Alimaanisha mapatano ya wazee, ambayo yakishakatwa hayavunjwi.

"Basi kaeni sasa, mpange na ya kuizima."

"Tukae kwenye jua hili, injini inanguruma?"

"Simameni, ila haraka."

Wakabishana wamesimama. Mmoja alitaka izimwe. Mwingine akaapa kwamba ngamia wake wametoka mbali mno, hawatasubiri. Injini ikaanza kukohoa. Nuh alikuwa akimtazama Keinan, si mshale. Bishara angeweza kuizima mwenyewe, lakini kesho hangekuwepo. Akakunja mikono, asiiguse swichi.

"Ngamia aliyekwisha kuingiza mdomo birikani haondolewi," Keinan akasema hatimaye. "Anamaliza yaliyomo. Mwingine haji mpaka injini ipoe. Nani anakataa?"

Yule aliyeapa akawavuta ngamia wake nyuma.

"Nuh, zima."

Injini ikanyamaza, wakasikia ngamia wakimeza maji.

Bishara akachukua karatasi mpya, akaandika, kisha akawasomea: "Sisi tunaonywesha hapa tumekubaliana: mshale ukikaribia nyekundu, tunazima. Ngamia aliyeanza kunywa anamaliza maji yaliyo birikani. Wengine wanasubiri."

"Andika, hata ngamia wa Keinan," mzee akasema. "Wasije wakadhani nimejitoa."

Akaandika.

Ilipopoa, Nuh aliiwasha. Ilikataa, ikakataa tena, kisha ikashika. Alasiri mshale ukapanda upya, akaizima bila kumtazama mtu. Wakati huo huo mfugaji mgeni akatokea na kundi lake, midomo imemkauka.

"Wewe wa pampu! Umekaa kivulini, wanyama wangu wanakufa?"

Nuh akafungua mdomo, lakini Keinan akamtangulia.

"Mwache huyo. Tumezima sisi. Una neno, lete hapa."

Mgeni aliwaangalia wazee waliokuwa wamesimama nyuma ya Keinan, mmoja baada ya mwingine. Kisha akageuka, akaanza kuwapigisha ngamia wake magoti, wasubiri.