Lori Lisilozimwa

Nikinywa chai kando ya foleni ya malori pale mpakani Malaba, nilimwona dereva ambaye kwa siku mbili hakuwa amezima injini wala kulala. Nyaya za betri zilikuwa zimeliwa na asidi, na lori likizimwa halingewaka tena.

Fundi mmoja alikata waya mnene wa kuchomelea vyuma, akagongea kwa nyundo vichwa vipya vya kushika betri. "Zima sasa, mzee, nifunge hii."

Dereva akashika ufunguo, asiuzungushe. "Na ikikataa kuwaka?"

"Tutasukuma, boss," wakajibu madereva wa nyuma waliokuwa wakimeza moshi wa lori lake.

Akazima. Fundi akafunga waya, dereva akawasha; injini iliwaka mara moja. Akaizima, akalaza kichwa juu ya usukani.

Foleni ikasogea mbele yake. Sisi watu wa Malaba, tunaompigia honi hata ng'ombe aliyefungwa kamba, tukamngoja dereva aamke.