Ngisi Kwenye Dagaa wa Chato

Mama mkwe wangu anauza dagaa kwenye mnada ulio jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Siku hiyo nilikuwa nimekaa naye nikimsaidia kupima, ndipo mchimbaji mmoja aliyekuwa akichambua dagaa kwa vidole akainua kitu kikavu, kirefu kama kidole, chenye macho makubwa na miguu iliyoota kichwani.

"Bibi, hiki umekiweka wewe?"

Watu wakasogea. Mama alikitazama kwa macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote. Huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho kama hayo akishaitwa mchawi, kinachofuata ni panga. Nililijua hilo, na kila aliyesimama pale alilijua.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na mdomo wangu hauna breki. Nikasema ni ngisi tu, tena wa wale wadogo. Nikaeleza kwamba si samaki, hana uti wa mgongo, yuko kundi moja na pweza na konokono. Hakuna aliyeniuliza habari za makundi, lakini nilishindwa kunyamaza.

"Anaishi kwenye ziwa letu?" mchimbaji akauliza.

"Hapana. Ngisi hawaishi maji baridi popote duniani. Ni wa baharini."

"Na dagaa hawa ni wa wapi?"

"Wa Chato," Mama akajibu, maana dagaa wa ziwani kule ndiyo sifa anayouzia.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila wangu ulikuwa unaponza kichwa cha mama mkwe. Kama mnyama ni wa baharini na dagaa ni wa ziwani, nani amemleta? Nikasema labda mwenye ghala alichanganya magunia, labda dagaa wenyewe si wa Chato. Nilizidi kuchanganya mambo hata mimi sikujielewa. Niliogopa sana.

Mama akanyoosha mkono, akakichukua kile kitu, akakipuliza vumbi, akakitia mdomoni. Akatafuna macho na miguu, taratibu, akimtazama mchimbaji. Akameza.

"Chumvi imezidi," akasema. "Nikupimie au unaondoka?"

Akapimiwa. Mpaka leo sijui kama yule mtu aliamini au aliogopa zaidi, lakini alilipa, na wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama mbele, mimi nyuma na ndoo tupu. Kwao konokono ni mwiko. Hata akimkanyaga kwa bahati mbaya, hunawa mguu kabla ya kuingia ndani. Tulipofika mlangoni alisimama, mkono tumboni.

"Mwanangu, wewe umesoma. Kile nilichokula ni samaki, au ni ndugu wa konokono kama ulivyowaambia?"

Mwanafunzi akiniandikia kwenye mtihani jibu nililotoa pale mlangoni, nampa sifuri.

"Ni samaki, Mama," nikasema.