Jina la Babu Mbele ya Karani

Hali ilikuwa hivi. Kaya yetu ya Samuye ilizungukwa na uzio wa minyaa, na ndani yake walikaa babu, bibi, baba mdogo na mkewe, mama, na mimi. Baba hakuwamo. Aliondoka nikiwa bado tumboni, katika vita vile ambavyo Wazungu walipigana wao kwa wao juu ya ardhi yetu. Waingereza walipofika kutoka upande wa Mwanza walitaka watu wa kubeba mizigo. Mwanangwa wetu, yaani mkubwa wa kijiji, akaamriwa atoe vijana, na baba akawa mmoja wao. Alikwenda kusini na sanduku kichwani. Wenzake kadhaa walirudi, wamekonda, wakishtuka kila radi ilipopiga. Yeye hakurudi, wala hakuja mtu wa kusema kwamba alimwona akifa.

Lipo jambo la pili, dogo, ambalo naomba msomaji aliweke akilini. Kwetu mwanamke aliyeolewa hakutamka jina la baba mkwe wake. Siku mama alipoingia katika kaya ile, wanawake aliowakuta walimpa jina jingine la kumtajia mzee, jina la heshima, na tangu siku hiyo halikuwapo lingine kinywani mwake. Jirani yetu mmoja aliitwa sawasawa na babu. Mama alimwita "wewe wa ng'ambo ya korongo" mpaka akazeeka.

Mimi nilikuwa mjukuu, na kati ya mjukuu na babu palikuwa na utani. Aliniita mke wake. "Mke wangu," angesema akiwa ameegemea zizi, "leo mumeo anakula nini?" Nami nilimjibu kwa jina lake kavukavu: "Pika mwenyewe, wewe fulani, mikono unayo!" Babu alicheka akipiga paja. Mama alivuta kaniki yake hadi masikioni na kuondoka upesi, kana kwamba nimemwaga maziwa.

Nikifumba macho leo, harufu inayonijia kwanza ni ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juu ya mawe makubwa nyuma ya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi wasivifikie. Vikikauka, vilihifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, vikachemshwa na karanga zilizotwangwa. Kila mavuno mama alijaza chungu kimoja, akakifunika kwa jani na udongo, akakiweka pembeni. Kilikuwa cha baba. Mavuno mengine yakija, michembe ya zamani iligawiwa majirani na chungu kikajazwa upya. Sisi wa kaya ile hatukuruhusiwa kuionja.

Mama hakuketi. Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Nimejitahidi kumkumbuka ameketi katika miaka ile, nimeshindwa. Alikula amesimama, bakuli mkononi, uso ukielekea njia ya Shinyanga. Alitwanga kabla ya jogoo, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mwanamke asiyejua kama ni mke au ni mjane hana mahali pa kukaa katika kaya. Kama baba alikuwa amekufa, ilipasa waombolezaji wanyoe nywele, na wazee wazungumze kuhusu mama na baba mdogo, ambaye kwa desturi angeweza kumrithi. Kama alikuwa hai, kunyoa kungekuwa kumwapiza.

"Kama amekufa, niambieni nilie," alikuwa akisema. "Kama yu hai, niacheni nimngoje. Lakini msinikalishe katikati."

Miguu ya babu ilikuwa imekwisha. Hakuweza mwendo wa kutoka alfajiri hadi alasiri mpaka bomani Shinyanga, ambako serikali iliweka habari za wapagazi. Baba mdogo aliweza, ila alisita, na sasa ninamwelewa: nani angeamini kwamba alikwenda kumtafuta kaka yake akitumaini kumkuta hai? Basi mama alikwenda peke yake. Nilikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Alirudi kesho yake akikimbia, vumbi mpaka magotini.

"Hayumo!" alipaza sauti kabla hajafika kwenye uzio. "Karani amefungua daftari la waliokufa. Hayumo!"

Bibi alipiga vigelegele. Chungu kilijazwa mwaka ule hadi ukingoni.

Baada ya hapo mama aliwatafuta walio hai. Reli ilipofika Shinyanga alikwenda kutazama nyuso za watu waliobeba mataruma ya kulazia vyuma vya reli, mmoja baada ya mmoja, hata msimamizi akamfukuza. Aliwauliza wachuuzi wa mchele waliotoka Kahama. Kisha dhahabu ikaanza kuchimbwa upande wa Geita, na ikasemekana kwamba huko Rwamgasa alikuwapo mchimbaji, mpagazi wa zamani wa vita, mwenye kovu juu ya jicho kama baba. Mama alifunga michembe, akaenda. Alikaa huko na njiani karibu mwezi mzima.

"Mkwe, umemwona?" babu aliuliza aliporudi.

"Nimemwona mtu, baba. Kovu analo. Lakini ni Mzinza, na kovu lake ni la pembe ya ng'ombe."

Babu alicheka mpaka akakohoa, mama naye akacheka, kisha akatoka nje akasimama kwa muda mrefu akiwa ametupa mgongo. Hata hivyo Mzinza yule alikuwa amempa neno moja: kila mpagazi aliyeanguka aliandikwa, jina lake na la baba yake, yeye mwenyewe aliona likiandikwa. Mama alitaka kuliona daftari lile tena. Safari hii alinichukua, kwa kuwa nilikuwa nasoma shule ya misheni na mwalimu alisema naweza kusoma maandishi yoyote.

Karani alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, sauti ya taratibu.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba, binti. Mama, jina la mume?"

Mama alilitaja. Karani akashusha pumzi. "Wa jina hilo wamejaa humu kama kunde. Wa nani?"

Mama aliinamisha macho, akataja jina la heshima. Kidole cha karani kilishuka ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu.

"Hayumo, mama."

"Basi yu hai," mama alisema, akaanza kufunga mzigo wake.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, nikisoma maandishi yaliyogeuka juu chini. Katika ukurasa ule wa tatu niliona jina la baba, na kando yake jina nililokuwa nikilipiga kelele kila siku penye zizi.

"Bwana karani," nilisema, "babu haitwi hivyo. Anaitwa..." Nikalitaja.

Mama alivuta kaniki kichwani. "Nyamaza! Bwana, msamehe, mtoto huyu amelelewa kwa utani."

"Mwache. Baba mkwe wako anaitwa nani, mama?"

"Nimekwisha kukwambia anavyoitwa."

Niliweka kidole juu ya mstari. Karani aliusoma kimya, akavua kofia yake, akausoma tena kwa sauti: mpagazi, mtu wa Samuye, ameuawa kwa risasi kwenye kivuko cha mto, huko kusini, akiwa na mzigo.

Mama hakulia hapo. Aliuliza jambo moja: "Mstari huu uliandikwa lini?"

"Daftari lililetwa limekwisha kuandikwa, mama. Mara tu baada ya vita."

Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Tulikuwa tumefika nusu ya njia ya kurudi aliposema nami.

"Siku ile ya kwanza ulilia ukitaka kunifuata. Nilikufungia ndani na bibi yako." Akatembea kidogo. "Ungekuja, ungelitaja."

Uzio wa minyaa umeng'olewa, na wake wa siku hizi huwataja baba wakwe zao waziwazi na kuwaandika kwenye karatasi pasipo kusita. Siwalaumu. Hata hivyo mimi, niliyelitaja jina lile mara nyingi kuliko mtu yeyote, nimeona siwezi kuliandika hapa. Mama ni marehemu, na bado naona kama angevuta kaniki.

Tulifika Samuye jua likizama. Baba mdogo alitamka mbele ya wote kwamba hatamrithi mama asipotaka, na mama hakutaka. Baada ya siku za kilio babu alinyolewa, kisha baba mdogo, kisha mama. Chungu kilifunguliwa. Michembe ilichemshwa na karanga, tukaila sote, na mama alikula ameketi.