Mama Mkwe Chini ya Injini

Mimi ni dereva wa basi la Tarime kwenda Mugumu, na kitu ambacho sikipendi duniani ni kuambiwa simamisha gari. Trafiki akinisimamisha, nanuna. Ng'ombe wakikata barabara, napiga honi mpaka mchungaji anautukana ukoo wangu wote. Kwa hiyo mjue mapema kwamba simu aliyonipigia tajiri, mwenye basi, asubuhi ile niliipokea vibaya.

Basi lenyewe lilikuwa jipya. Lilipofika mara ya kwanza viti vilikuwa bado na nailoni, na stendi nzima ilikuja kulishikashika. Injini iko mbele, ina nguvu, inapanda mlima huku inaimba. Kasoro yake ilikuwa moja tu: lilikuwa linavuja dizeli. Si sana. Tone, tone, chini ya injini, hasa likisimama bila kuzimwa. Fundi wetu alikaza hapa, akafunga mpira pale, akasema gari jipya hutoa jasho, litaacha lenyewe. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Abiria wala hawakulalamika. Walifurahi! Kule Machochwe, kituo chetu cha njiani, watu wana ng'ombe, na ng'ombe wana kupe, na mtu mmoja alikuwa amegundua kwamba dizeli ikipakwa kwenye masikio ya ng'ombe kupe wanaanguka. Mwingine akaipaka nguzo za zizi, akadai mchwa wamehama. Basi ikawa tukisimama tu, mtu anasukuma kopo chini ya injini anakinga. Konda wangu, anayependa sifa kuliko chakula, akawa anajigamba stendi kwamba gari letu linahudumia mpaka mifugo.

Aliyekuwa na kopo kubwa kuliko wote ni mama mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze, maana wengine mnatoka makwenu ambako mtu anakaa meza moja na mama mkwe wake wanagombania paja la kuku. Kwetu Wakurya hakuna hayo. Mama aliyemzaa mke wako humtazami usoni, humshiki mkono, humsogelei. Mkikutana njiani wewe unaingia majanini upande huu, yeye anaingia upande ule, njia inabaki tupu. Likiwepo jambo la lazima, mnatafuta mtu wa kati alipeleke. Si chuki, ni heshima, na kwa heshima hiyo mimi nilikuwa bingwa. Tangu nimwoe binti yake, mama yule nilikuwa namjua kwa kitenge chake na kikohozi chake, basi.

Kwa hiyo nikimwona anakuja na kopo, nilikuwa nageuza shingo naangalia ng'ambo mpaka konda agonge bodi tuondoke. Ndiyo maana sikuwahi kuona tone lilivyokuja kuwa mchirizi. Pale palipovuja ndipo macho yangu yalipokatazwa kwenda.

Asubuhi ile tulisimama Machochwe, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, konda akawa amevuka barabara kubeba gunia la mtu. Injini sikuzima, sikuwa na mpango wa kukaa. Mama akaja na kopo lake, nikageuza shingo kama kawaida. Ndipo simu ikaita.

"Zima gari hapo hapo ulipo," tajiri akasema. Hata salamu hakunipa.

"Tajiri, nina abiria, na huko mbele kuna..."

"Zima, nimesema! Wakala aliyetuuzia kapiga sasa hivi. Mabasi yote ya aina hii yameitwa yarekebishwe, nchi nzima. Paipu ya dizeli inapasuka, mafuta yanarukia injini ya moto. Kuna lililoungua lote. Shusha watu, wakae mbali, na usiliwashe tena mpaka waje kubadilisha."

Nilizima kwa hasira. Nikatoa kichwa dirishani nikapaza sauti: "Jamani, kaeni mbali na gari, linaweza kuwaka!"

Lo! Sijawahi kutiiwa vile maishani. Wanaume ambao usiku wanawafukuza fisi walitimka na mahindi mkononi. Muuza mahindi alikimbia na jiko lake. Konda, nahodha wangu msaidizi, alikuwa wa kwanza kufika kwenye shamba la mtu. Nami nikaruka chini niwafuate, moshi umeanza kutoka kwenye boneti, na hapo nikaona pindo la kitenge chini ya bampa.

Mama alikuwa bado yuko kule chini na kopo lake.

Nikatafuta mtu wa kati. Wote walikuwa mbali, nimewafukuza mwenyewe. Kando ya barabara alibaki kuku wa abiria, amefungwa miguu. Msicheke. Nikamgeukia kuku, nikasema kwa sauti: "We kuku, mwambie mama atoke chini ya gari, linawaka!"

Kuku akanitazama tu. Lakini mama alisikia, na alichosikia kwanza ni kwamba mkwe wake yuko karibu. Akafanya ambavyo mama yeyote mwenye adabu angefanya: akajifunika kitenge uso mzima, akajisogeza ndani zaidi. Nikapiga hatua mbele, naye akarudi nyuma. "Mama!" nikaita, bila kuku safari hii. Akarudi nyuma tena, sasa yuko chini ya injini kabisa. Nilikuwa namsukuma motoni kwa kumsogelea.

Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa moto na nilimwogopa yeye, na sijui hata leo kipi nilikiogopa zaidi. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mikono, nikamkamata, nikavuta. Alipiga kelele, "Aibu! Aibu!" akanipiga na kopo kichwani, dizeli yote ikanimwagikia. Nikambeba nikavuka naye mtaro. Ndiyo kwanza nimemweka chini, nyuma yetu ikasikika vuuu, na moto ukatoka pale pale alipokuwa amejikunyata.

Watu wakarudi na mchanga, konda akarudi na mtungi wa kuzimia moto, akajifanya hakuwa ameenda popote. Tukauzima. Bampa iliungua, na nyaya, na rangi ya mbele yote. Mama aliinuka, akavuta kitenge usoni, akaenda kwake bila kugeuka.

Konda akanisogelea. Nikajua atanipa pole.

"Mura," akaninong'oneza, kama Wakurya tunavyoitana wanaume, "umemshika mama mkwe."

Mafundi wa wakala walikuja na paipu mpya, wakabadilisha, basi likapona. Mimi sikupona. Habari ilifika Mbalibali na Morotonga kabla yangu, na stendi wenzangu wakawa wananiuliza leo nimembeba nani. Nilicheka nao, lakini moyoni nilichanika. Mama alikuwa hataki nitajwe mbele yake. Mke wangu alikwenda kumwona, akarudi hana hata salamu ya kunipa. Kuna wanaume waliofungiwa mlango ukweni kwa kosa dogo kuliko lile. Nikachukua mbuzi, nikamchukua na baba mdogo wa kunisemea, tukaenda.

Wazee walikaa uani na baba mkwe wangu, wakalipima kosa. Mmoja akauliza, "Alimshika kwa mkono mmoja au kwa yote miwili?"

"Kwa miwili," baba mdogo akajibu.

"Basi mbuzi wawili."

Wakacheka. Mimi nilikuwa natazama ardhi, damu imeanza kunichemka, nikataka kuwaambia wangekuwepo wao tungeona. Mlango wa jikoni ukafunguka. Nikasikia kikohozi, kisha miguu ikija kwangu moja kwa moja, nikainamisha kichwa zaidi. Miguu ikasimama mbele yangu.

"Mbuzi mchinjeni, nina njaa," mama akawaambia wazee. "Lakini msimtoze huyu. Mimi nilipomsikia nilirudi nyuma. Naye angerudi nyuma kama mimi, leo mngekuwa hapa mnachimba kaburi."



"Inua uso, mwanangu," akasema, na hakukuwa na mtu wa kati.

Nikainua. Yale macho yalikuwa ya mke wangu, yale yale, kwenye uso uliozeeka. Miaka yote ile sikujua.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akaninyooshea mikono yote miwili.