Mlango wa Vipande Viwili

Benon alikuwa mtu mwema. Naliweka hilo mbele kabisa, maana aliyoyafanya mwaka ule wa tisini na nne yanaweza kukufanya umdhanie vingine. Alizaliwa kambini Uganda, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, akasomea Kampala mambo ya kusimamia wafanyakazi, na vita na mauaji ya mwaka ule yalipokwisha akarudi katika nchi ambayo alikuwa akiisikia tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Benon ilikuwa hii: aliamini kwamba mtu akiitwa ofisini kwa jambo jema, atafurahi.

Kazi ya kusimamia mafundi aliipata kwa Arnaud, mfanyabiashara aliyekulia Bujumbura, ambaye alikuwa amefungua karakana ya milango mtaa wa Kimironko, Kigali. Milango ndiyo iliyokuwa biashara miezi ile. Nyumba nyingi za Kigali zilikuwa zimebaki kuta tu, kila kinachong'oleka kimeng'olewa. Arnaud akakusanya maseremala wa kila upande: waliorudi kutoka Uganda, Burundi na Tanzania, pamoja na wachache ambao hawakuwahi kuondoka. Hao wachache hawakuwa wasemaji. Kwenye mabenchi watu walizungumza Kiswahili cha kazi, nipe msumeno, shika hapa, na mengine kila mtu aliyaacha kwake.

Asubuhi moja Benon akakuta mlango wa ajabu umeegemezwa ukutani. Ulikuwa umekatwa katikati, nusu ya juu na nusu ya chini, kila nusu na bawaba zake, na komeo kwa ndani. Ukitaka, unafungua juu peke yake, unamwona aliyekuja na kuongea naye, huku chini kumefungwa. Tena ulikuwa umeundwa kwa mbao fupi za masanduku ya misaada, wakati mbao ndefu zilikuwa hazishikiki kwa bei. Shirika moja lililokuwa likijenga nyumba upya likataka milango kama ule kwa wingi, likauliza kama na madirisha yanaweza kubuniwa kwa namna hiyo.

"Nani aliutengeneza?" Arnaud akamuuliza Benon, ofisini kwake Kiyovu.

"Bado sijajua, Patron."

"Mtafute. Huyo ndiye fundi mkuu, na madirisha atayabuni yeye. Usipompata, naleta mafundi wangu wa Bujumbura na hawa wako waende zao."

Benon alitoka pale ana furaha na hofu kwa pamoja. Alikuwa amefundishwa kwamba mbunifu hutunzwa kwa cheo, na cheo hicho sasa alikuwa nacho mkononi. Ilibaki kumpata mwenyewe tu, na riziki ya karakana nzima ingepona.

Basi akaanza kuwaita mmoja mmoja, kwenye chumba chake pale karakana. Fundi akiingia, Benon anafunga mlango ili wazungumze kwa uhuru. Anamuuliza jina lake kamili, alikotoka, na mwaka huu alikuwa wapi na nani. Halafu anatabasamu, anauliza: "Ule mlango nani aliufanya?" Haki ya Mungu, ningekuwapo ningemvuta shati.

"Si mimi, Shefu," akasema wa kwanza, macho sakafuni. Wa pili akasema siku hiyo alikuwa mgonjwa. Mwingine akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajawahi hata kuugusa, na jasho likawa linamtiririka asubuhi ile ya baridi. Évode, mtu mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kutoka nchini, alijibu kila swali kwa sauti ya chini, akashukuru, akatoka. Benon akabaki anakuna kichwa. Cheo anacho mkononi, ameuliza kwa adabu, mbona watu wanaukimbia mlango wao wenyewe?

Kesho yake Évode hakuja kazini. Kesho kutwa pia hakuonekana. Wenzake walijaribu kuunda mlango mwingine wa vipande viwili, lakini nusu ya chini iliburuza na ya juu ikagoma kuikalia. Hapo hata Benon akaelewa mbunifu alikuwa nani. Asichoelewa ni kile kilichoipata karakana. Zamani, saa ya chakula, mafundi walikuwa wakichora chini kwa chaki, wakibishana kuhusu maungio na kutaniana. Sasa kila mtu alikula kimya, akarudi kuunda mlango ule ule wa siku zote. Kijana mmoja wa kutoka Tanzania, aliyekuwa akijaribu namna mpya ya komeo la mti, alilifunika kwa maranda Benon alipopita.

Benon akamwendea Daphrose, mama aliyewapikia mafundi maharage. "Mama, nimewakosea nini hawa watu?"

Daphrose hakuacha kukoroga. "Shefu, uliita watu moja moja."

"Ndiyo, kwa heshima."

"Mlango ukafunga. Ukauliza jina, ukauliza mtu alikuwa wapi, ukauliza nani alifanya." Akamtazama. "Mwaka huu, Shefu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Évode iko Kabuga, kwa nyumba ya marehemu kaka yake. Nakwambia ili usimwandike mtoro. Lakini usiende. Acha arudi mwenyewe."

Maneno yaliingia, lakini hayakukaa. Benon aliona aibu, kweli, na aibu yake ikamtuma kufanya jambo zuri zaidi: kiongozi bora humfuata mfanyakazi wake hadi nyumbani. Jumamosi akavaa shati la kanisani, akapanda basi la Kabuga. Sokoni hakujua njia, akauliza. Akauliza kwa wauza viazi, akauliza dukani, akauliza vijana waliokaa barabarani. Kwa sauti, kwa furaha. "Namtafuta Évode seremala. Natoka ofisini, Kigali." Watu wakatazamana, mwishowe mmoja akanyoosha kidole.

Nyumba ilikuwa ndogo, na mlango wake ulikuwa wa vipande viwili. Benon akapiga hodi. Akapiga tena, akajitaja jina. Komeo likasogea, nusu ya juu ikafunguka kidogo, na Évode akamtazama, kisha akatazama nyuma yake, barabarani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, ndugu yangu. Nimekuletea habari njema." Akaimwaga yote pale pale: ufundi mkuu, madirisha, mafundi wa Bujumbura, jinsi kila mtu anavyomngoja. Évode alisikiliza hadi mwisho. Nusu ya chini haikufunguka.

"Mwezi wa nne waligonga hapa," Évode akasema. "Mlango ulikuwa wa kipande kimoja. Kaka alitaka tu kuona ni nani." "Nyumba hii ulionyeshwa na nani, Shefu?"

"Niliuliza tu. Sokoni, dukani, kwa vijana pale. Watu wa huku wema sana."

"Uliwaambia unatoka ofisini?"

"Ndiyo."

Évode akatikisa kichwa taratibu. "Asante. Jumatatu, Shefu." Na komeo likarudi mahali pake.

Benon alirudi Kigali akiwa mwepesi, akamwambia Arnaud mtu amepatikana. Hata hivyo kuna kitu kilimkereketa ndani asijue ni nini, akalala vibaya. Jumatatu benchi la Évode likabaki tupu. Jumanne Arnaud akapeleka habari Bujumbura kwamba mafundi wake waje. Benon hakuwaambia maseremala. Alipanda basi la Kabuga, na safari hii hakuuliza mtu njia.

Aliiona nyumba kwa mbali, akadhani amepotea. Mlango haukuwapo. Nusu ya juu na ya chini zilikuwa zimeng'olewa pamoja na bawaba zake, kwa uangalifu wa fundi, bila kuchubua fremu, na ndani hakukuwa na kitu wala mtu. Wale vijana wa barabarani walikuwa wakimtazama. Benon akasimama kizingitini hajui aingie au aondoke, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akapiga hodi.