Ovaroli ya Askari

Subira yangu iliisha siku ya mazoezi ya mchezo ukumbini mwa shule, Saint Louis Park, huku Amerika, mwalimu alipomshika binti yangu bega, akamtoa kwenye mstari wa askari na kumsimamisha nyuma ya pazia. "Wewe utapiga ngoma kutoka huku," alimwambia, akizuia kicheko. Mzazi mmoja hakukizuia. "Jeshi limeletewa fundi wa magari!"

Wiki mbili kabla, barua ilikuja nyumbani. Darasa la tatu lingeigiza jeshi la kwanza la Amerika, lile lililopigana na Waingereza, na kila mama amshonee askari wake nguo, kama akina mama wa enzi hizo walivyoombwa. Shati, soksi ndefu, ovaroli nyeupe ya kitani. Ovaroli si naijua? Nimekulia Nakuru, ukuta mmoja na gereji. Nikashona: mikono, kola, zipu kutoka kooni, mifuko sita. Mtoto akauliza, kwa Kiingereza chake, kama askari walikuwa na mifuko mingi hivyo.

"Wataweka wapi risasi? Simama wima nipime."

Kumbe ovaroli ya jeshi lile ni suruali tu, imebana mguu hadi juu ya kiatu. Nani aliniambia?

Tangu siku ile ya pazia, kila asubuhi binti yangu alisema tumbo linamuuma. Nikiwa kazini ghalani, Shakopee, simu inatetemeka mfukoni: ni shule, analia. Onyesho ni Ijumaa. Jumatatu akaniambia, "Mama, usije." Hapo niliogopa kweli. Mtoto akianza kukuonea haya, unamrudishaje?

Nikaenda maktaba kusoma. Jeshi lenyewe lilikuwa na shida tupu ya nguo! Huyu koti la kahawia, yule la bluu, wengine miguu mitupu kwenye theluji. Ukiletewa nguo, unavaa.

"Wee, achana nao," dada yangu alinisihi. "Shona suruali yaishe."

Suruali nilishona. Kisha nikaandika barua, nikaipeleka ofisini kwa mkuu wa shule, na sikuondoka mpaka wakagonga muhuri:

"Nalalamika rasmi dhidi ya mwalimu wa darasa la tatu. Kosa la neno ni langu. Kosa la kumficha mtoto nyuma ya pazia ni lenu. Mliomba akina mama washone, nikashona. Suruali sahihi iko ndani ya bahasha hii. Nataka binti yangu arudi mstarini kabla ya Ijumaa, na aombwe radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Nijibiwe kwa maandishi."